Spana Zilizozikwa

Bediako alimwona Mama Pokuaa kabla Mama Pokuaa hajamwona yeye, na hapo ndipo hasara ilipoanzia. Mama alikuwa mbele ya duka la vifaa pale Suame, mtaa wa magereji wa Kumasi, Ghana, anashika spana, anairudisha, anaguna. Anayeguna hivyo pesa anayo, ila roho inamuuma kuitoa.

"Mama, unamtafutia nani?"

"Binti yangu Akyaa. Jumamosi anamaliza ufundi kwa Mzee Twumasi. Nataka za Kijerumani, lakini bei zao! Wanadhani nanunua gari?"

"Mpya? Mpya usiguse, mama yangu. Zinang'aa kama meno ya mchungaji, kazi hamna. Mjerumani wa kweli anakuja ametumika."

Suame kila mtu anaamini hivyo, mtumba wa Ulaya kwanza. Ndiyo maana Bediako alinunua spana mpya za bei ya karanga, akazigonga chapa ya Ujerumani, akazizika kwenye udongo wa chumvi na oili chafu, kisha akazifukua kwa heshima kama anayehamisha kaburi la babu. Kumasi nzima hakuna aliyetoka jasho vile kuharibu vitu vipya.

"Hizi zilikuwa za fundi wa Hamburg. Kastaafu analia."

Mama akazinusa. Zilinuka oili, akaridhika. Bei ikatajwa: nusu ya ile ya dukani. Ninyi mnaonunulia watoto vifaa, hapo ndipo pa kusimama mjiulize. Pesa ile ingetosha spana chache nzuri za kuanzia. Lakini mama alitaka boksi zima, watu walione.

"Jumamosi uje na gari lako," akasema. "Muuza vifaa ndiye analeta kazi ya kwanza, si unajua?"

Bediako alijua. Alijua pia kutakuwa na fufu, ule ugali wa muhogo na ndizi, wa bure.

Kwa Mzee Twumasi, mwanafunzi hafuzu mpaka afungue tairi mbele ya mafundi. Akishindwa, anarudi mwaka mzima kufagia gereji. Akiweza, vifaa vilivyofungua vinamwagiwa poda, na kilichomwagiwa poda ni chake, hakidaiwi.

Jumamosi gari la Bediako likapandishwa jeki. Nati ya kwanza ikatoka. Ya pili, spana ikapanua mdomo kama mtu anayepiga mwayo. Akyaa akachukua nyingine, hiyo ikakatika. Akamtazama mama yake.

"Spana gani hizi?" mama akauliza.

"Spana nzima, mama," Bediako akajibu, shavu limejaa fufu. "Mkono wake ndio mzito."

"Sawa," akasema Mzee Twumasi. "Basi atarudi mwakani mkono ukishakuwa mwepesi. Na gari litamsubiri hapo hapo. Kazi ya mwanafunzi haiguswi na mtu mwingine."

Bediako akaacha kutafuna.

"Mwakani? Mzee, hilo gari ndiyo miguu yangu!"

"Ndiyo hivyo, kijana. Kula, fufu inapoa."

Bediako akanawa mikono polepole, akafungua buti, akatoa furushi la kitambaa. Ndani mlikuwa na spana za Kijerumani za kweli. Maana muuza feki huyu hakuwahi kuruhusu feki iguse gari lake.

Akyaa akafungua nati zote, akazifunga tena. Makofi! Kabla hayajaisha, Mama Pokuaa alishamwaga kopo zima la poda juu ya furushi.

"Ngoja! Hizo zangu!"

"Zilikuwa," akasema Mzee Twumasi.

Mama akambebesha Bediako lile boksi. "Chukua za Hamburg, mwanangu. Mzee wa watu asije akalia tena."

Wiki iliyofuata Bediako alipata pancha njiani. Akafungua buti, akalitazama boksi, akafunga buti. Akatembea kwa miguu mpaka gereji ya kwanza iliyokuwa wazi. Ilikuwa mpya, rangi haijakauka.

"Karibu, kaka Bediako," akasema Akyaa, akifungua furushi. "Ila kwa spana za Kijerumani, bei inapanda kidogo."