Lango la Miti Sita

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Barua imekuja! Ya ofisi ya mipango ya mji, ina mhuri wa bluu, jina langu limepigwa kwa mashine. Tangu wafungue ile bustani kubwa ya wanyama mwisho wa barabara, wageni wanaegesha magari mpaka chini ya kamba yangu ya kuanikia. Juzi mmoja kaenda kutazama twiga, karudi kakuta shuka langu linakaukia juu ya gari lake. Akanuna! Nikamwambia ashukuru, nimemkingia jua.

Sasa ofisi inataka mwenye kiwanja mtaani afungue maegesho. Kiwanja ninacho. Shida ni kwamba mtaa mzima kibali ni kimoja tu, na mwenye kiwanja mwingine ni mzazi mwenzangu, babake mkwe wangu. Dereva wa basi mstaafu. Watu wanamwita Honi, kwa sababu hata akiomba chumvi majirani wanatoka nje kuangalia kuna nini. Kiwanja chake na changu vimetenganishwa na ukuta wa mabati tu. Afadhali ungekuwa wa zege.

Mwanangu kasema mezani, mbele ya watu, kwamba mkaguzi anakuja Ijumaa, na nikishindwa nimwachie baba mkwe wake kiwanja aunganishe na chake, mimi nikae ndani nipumzike. Nipumzike! Mimi ni kabati? Nikamwambia Ijumaa jioni kibali kitaning'inia ukutani hapa, juu ya picha ya harusi yake.

Mkwe wangu, ambaye ni mwalimu, akanyoosha mkono anisomee barua. Nikaisukuma kifuani. Binti wa Honi huyu! Akisoma yeye asubuhi, mchana baba yake keshajua. Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, tena niliacha mwenyewe, sikufukuzwa. Miwani yangu niliikalia mwezi wa nne, kimebaki kioo kimoja. Kinatosha. Barua nayo ni moja.

Jumanne, tarehe 5

Nimeimaliza barua. Nilianza na chai ya kwanza, nikamaliza na ya tatu. Masharti kumi na moja!

La kwanza: lango liwe na upana wa miti sita. Nimerudia mara nne. Miti sita. La pili: nafasi ya kila gari iwe na upana wa "miti mbili na nusu". Miti mbili! Hata mimi wa darasa la tatu najua ni miti miwili. Hawa ndio wanaokula mshahara. Na nusu mti ndiyo nini? Nimewaza huku nachambua mchele, nikapata jibu. Nusu mti ni mche.

Nimeshaelewa wanachotaka. Mgeni ametembea kutwa anatazama wanyama, kichwa kinamuuma kwa jua. Anataka kivuli. Basi lango liwe miti sita, imesimama mstari mmoja kama askari wa gwaride. Hayo ya miche nitayaangalia baadaye. Mkaguzi akishalipenda lango, mengine atayasahau.

Mwishoni wameandika kwamba asiyetimiza masharti atachukuliwa hatua kali. Wachukue! Hatua zangu mimi ni kali zaidi, nikipita mtaani watu wananipisha.

Nimechungulia kwenye tundu la bati. Honi kabomoa ukuta wake wa mbele, kaacha pengo la kupitisha basi na trela yake. Hajapanda hata jani! Nimecheka mpaka kikohozi kikanishika.

Jumatano, tarehe 6

Muuza miche ana vijiti virefu kama ufagio. Eti baada ya miaka mitatu vitatoa kivuli. Nikamwambia mkaguzi haji baada ya miaka mitatu, anaishi na nani huyu asiyejua siku?

Nikirudi nyumbani, nini naona! Wanapanua barabara ya bustani, wanang'oa miti mikubwa na mizizi yake na udongo wake, kwa lile gari la kuchimba wanaloliita kijiko. Nikaenda nikasimama mbele ya kijiko. Dereva akapiga kelele bibi toka. Nikamuuliza kama mama yake anajua kazi anayofanya, kung'oa miti ya watu mchana kweupe. Akazima injini. Akasema miti inakwenda kutupwa. Nikamwambia aitupe kwangu basi.

Kafika na sita. Kachimba mashimo mwenyewe, kaisimamisha palepale langoni, mmoja huku, mmoja kule, minne katikati. Nikampa birika zima la chai. Majani yamelegea kidogo lakini nimeyamwagilia maji na kuyakemea.

Mkwe karudi kutoka shule, kasimama nje kama kapotea njia. Akauliza, mama, magari yatapita wapi? Nikamwambia swali hilo kamuulize baba yako. Akaomba aione ile barua mara moja tu, dakika moja. Aha! Nimejua ametumwa. Barua nimeihamishia chini ya godoro.

Alhamisi, tarehe 7

Honi kaja, kofia mkononi, kaizunguka miti yangu. Akasema, mzazi mwenzangu, hongera kwa msitu, simba unawaleta lini? Nikamjibu, mzazi mwenzangu, kila mtu asome barua yake. Akasema yeye kasoma, na lango lake kalipima kwa tepu, sita kamili. Sita nini? Pale hana hata nyasi! Nilimwonea huruma. Hapana, nimefuta, sikumwonea.

Mchana mwanangu kajaribu kuingiza gari la rafiki yake. Kioo cha pembeni kimebaki kwenye mti wa nne. Nikamwambia rafiki yako anunue gari la kawaida, hilo limenenepa. Ikapita pikipiki. Nikawaambia, mnaona? Inapita!

Ijumaa, tarehe 8

Niandike polepole, leo ni mengi.

Mkaguzi ni mwanamke, kijana bado, mabuti mazito, tepu kiunoni. Kasimama mbele ya lango langu kimya. Nikajua limemgusa. Akauliza, bibi, hii ni nini? Nikasema, sharti la kwanza, mwanangu, kama mlivyoandika wenyewe. Sita, hesabu. Akahesabu kweli! Kisha akaomba barua. Akaisoma, akageukia ukutani, mabega yakawa yanatikisika. Nikadhani analia. Nikamletea maji.

Alipopata sauti akasema: mita, bibi. Ni mita sita.

Honi alikuwa juu ya ngazi, kichwa kimetokeza juu ya mabati. Alicheka, jamani! Alicheka mpaka ngazi ikamkimbia, tukasikia kishindo, na kule chini bado anacheka. Nina hakika hata twiga waligeuka.

Sikutikisika. Nikamwambia mkaguzi kwamba mashine ya ofisi yao inakata mikia ya herufi, waipeleke kwa fundi. Lakini akaandika. Niliona kalamu inavyokwenda: kiwanja hakifai, gari haliwezi kuingia. Mwanangu akatazama chini. Halafu akatazama mabati, kama mtu anayepiga hesabu ya kuyang'oa. Kiwanja changu! Nilichofyeka mwenyewe na tumbo la mimba yake! Nikaketi kwenye kigoda chini ya mti wa tatu. Mkwe akaja akanishika bega. Sikumwondoa mkono.

Mkaguzi akaenda kwa Honi. Sisi sote nyuma. Lango sawa. Mistari myeupe ya magari sawa, mbili na nusu, mbili na nusu, tepu inaimba. Nafasi za mabasi sawa. Honi kifua kimepanda mpaka kidevuni. Ikafika sharti la tisa: wageni wawe na mahali pa kusubiri, penye kivuli, pasipopitika na gari. Mkaguzi akauliza pako wapi. Honi akaonyesha mwavuli. Mmoja! Wa mkewe, una maua! Mkaguzi akaandika: hapafai. Honi akanyamaza. Sijamsikia akinyamaza tangu siku ya harusi, na siku ile alikuwa na mfupa kooni.

Jua linachoma. Mkaguzi kachoka, karudi kwangu kuchukua mkoba wake, kajikuta amekaa kwenye kigoda changu, anajipepea kwa masharti. Nikamtazama. Nikaitazama miti. Nikamuuliza, mwanangu, umekaa wapi? Akasema kivulini. Nikamuuliza gari linaweza kupita hapo? Akasema hata mkokoteni haupiti, bibi. Nikamwambia basi hebu soma tena hilo la tisa, kwa sauti, na wenye ngazi wasikie.

Akasoma. Akainua kichwa. Akatazama mabati.

Ndiyo hivyo! Mabati yanatoka, magari kwake, watu kwangu, kibali kimoja, majina mawili. Honi akataka lake liwe la kwanza. Nikamwambia aende akalitafutie kivuli. Langu ndilo la kwanza.

Jumamosi, tarehe 9

Kibali kimetundikwa juu ya picha ya harusi. Kinamfunika Honi usoni, sikupanga, ndivyo msumari ulivyotaka.

Wageni wamejaa! Watoto wanazunguka miti, wazee wamekaa, kila mmoja nimemweleza kwamba mpango huu niliupanga tangu Jumatatu, kipande kwa kipande. Mwanangu akapaliwa na chai. Kule Honi anaelekeza magari kwa mdomo, hahitaji filimbi.

Mkwe kaninunulia miwani mipya. Mizuri sana. Nimeifungia kabatini isije ikachakaa.

Jumanne, tarehe 12

Barua ya pili! Bahasha mbili zimekuja, moja yangu, moja ya Honi. Mkwe akauliza, mama, nikuletee miwani? Au nikusomee? Nikamwambia asinitafute, mimi sasa ni mtu wa vibali. Nikachukua ile ya kioo kimoja.

Safari hii ni rahisi. Ndani ya siku saba, mahali pa kusubiri pawe na vioo viwili, kimoja cha wanaume na kimoja cha wanawake. Sawa kabisa, mtu katoka kwa nyani lazima ajitazame. Visafishwe kila siku kwa maji na sabuni. Ndiyo, kioo chenye vumbi cha nini? Viwe na milango inayofungwa kwa ndani. Hapo nimesita, lakini wapo wasiopenda kuonekana wakijipaka poda. Na viwe mbali kidogo na viti vya wageni, kwa sababu ya harufu. Marashi, bila shaka. Watu wa siku hizi wanajimwagia.

Nimeshakwenda kwa fundi. Vioo viwili, urefu wa mtu mzima, fremu za dhahabu. Mkaguzi akija atalia tena.

Jioni nimemwona Honi kule nyuma, na jembe na sururu. Anachimba shimo refu, limeshamfika kiunoni. Barua ileile kaisoma! Shimo la nini sasa, la kuzikia kioo? Nimecheka mpaka kikohozi kikanishika.