Kitenge cha Senene

Jumatatu, 18 Novemba

Siku ya kumi na tisa. Mama bado haongei na Baba. Anaongea nami, mimi napeleka. "Hope, mwambie baba yako chumvi iko pale pale inapokaaga." Baba amekaa hatua mbili kutoka hapo. Anasikia kila neno. Hata hivyo anasubiri nimwambie. Namwambia. Ananishukuru.

Chanzo ni senene, wale panzi wa kuliwa. Bibi alituletea kutoka Bukoba, kopo zima, wamekaangwa wakakauka vizuri. Kwetu mke akimwandalia mume senene wa msimu, mume hurudisha nguo. Hata kitenge kimoja. Baba alimaliza kopo kwa siku mbili, akafuta midomo, akauliza kama wapo wengine. Nguo hakuna. Mama alipomkumbusha, alisema hayo mambo ya zamani, sie tuko Mbagala.

Leo Mama amekata tiketi ya basi la Bukoba. Jumanne ijayo. Anasema anakwenda kusalimia. Nimeuliza anarudi lini. Amesema sufuria kubwa nisichemshie maharage, inaunguza.

Hilo si jibu!

Jumatano, 20 Novemba

Matokeo yametoka! Wiki mbili zilizopita niliingia kwa siri kwenye mashindano ya insha: "Ndoa Ninayoiheshimu." Zawadi si ya mwandishi, ni ya wanandoa wenyewe: wanakwenda hotelini, wanakula, wanalala, wanarudi kesho yake.

Nimekuwa wa pili. Wa kwanza ni Nusaiba, tunayekaa naye dawati moja. Babu na bibi yake watakwenda Msasani, hoteli yenye lifti. Baba na Mama watakwenda Kimbiji. Nusaiba amenipa pole kwa sauti ya upole kabisa. Simpendi.

Tena yeye aliandika ukweli. Ukweli ni rahisi! Mimi nilitunga kurasa nne nzima. Kwamba Baba humpakulia Mama chakula kila siku. Kwamba hummenyea machungwa. Kwamba hawajawahi kula mbalimbali. Hali halisi: Baba hula sebuleni, Mama hula jikoni kwenye kigoda. Sijawahi kuwaona wakitafuna huku wanatazamana. Nadhani shida yote iko hapo. Huwezi kumnunia mtu unayemwona ana mchicha kwenye jino.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimemwambia Baba kwamba Mama kaomba waende. Nimemwambia Mama kwamba Baba kaomba waende. Kuhusu insha sikugusia. Nilisema ni zawadi ya shule.

Baba aliuliza kama chakula kimo. Mama aliuliza Baba kaomba kwa mdomo upi, huo huo wa senene? Kisha akakubali, kwa sharti kwamba na mimi niwepo. Hawezi kukaa siku mbili na mtu bila mkalimani.

Jioni nimemkuta anapika ndizi. Za kwenda nazo hotelini! Nikamweleza kwamba hotelini kuna chakula. Akasema hoteli ni hoteli na njaa ni njaa.

Jumamosi, 23 Novemba

Naandika haraka kabla sijafa kwa aibu.

Tulifika saa sita mchana, vumbi la njiani limetupaka sote rangi moja. Mhudumu aliyevaa beji ya "Anselmo" aliwapeleka Baba na Mama kwenye meza ya watu wawili: maua, glasi ndefu, kitambaa cha batiki ya bluu. Mimi nikawekwa meza ya pembeni pamoja na hotipoti ya ndizi.

Chakula kilikuwa bufee. Hilo sikulipangia! Baba alikaa akakunja mikono akisubiri kupakuliwa, kama nyumbani. Mama alikaa akakunja mikono akitazama bahari, si kama nyumbani. Ikapita nusu saa. Anselmo akaja akasema, "Karibuni, mzee, mama, chakula kile pale." Baba akajibu, "Tumekiona." Mama aliniita nimwambie baba yangu kwamba leo yeye ni mgeni. Baba aliniambia nimwambie mama yangu kwamba hata yeye.

Nilikuwa nimeshika sahani mbili, nikawapakulie wote, ndipo meneja alipochukua kipaza sauti. Bwana Revelian, suti nyeusi, karatasi mkononi. Kurasa nne. Niliutambua mwandiko.

Akaanza kusoma YOTE. Ukumbi mzima ukasikiliza. "Baba yangu humpakulia Mama kila siku kwa mkono wake mwenyewe." Makofi. Mzee wa meza ya tatu akapaza sauti, "Tuone basi!" Mkewe akadakia, "Apakue! Na huyu wangu aone!" Simu zikatoka mifukoni.

Baba aliinuka kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Alirudi na sahani moja. Pilau, keki, samaki, tikiti maji, na juu ya vyote hivyo, supu. Akaiweka mbele ya Mama. Mama akatazama supu ikishuka taratibu kwenye keki. Mdomo ukamcheza. Nikajua anakaribia kucheka. Nimeshinda! Nimeokoa nyumba!

Lakini meneja alikuwa hajafika ukurasa wa nne. "Na kila msimu wa senene, Baba huleta kitenge kabla hajaonja hata mmoja."

Makofi tena. Mama akaweka uma chini. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya siku ishirini na nne, akasema bila kunipitia: "Enhe, Baba Hope. Cha mwaka huu kiko wapi?"

Baba alitazama kulia. Akatazama kushoto. Akashika kitambaa cha meza kwa mikono miwili, akakivuta, akamfunika nacho Mama mabegani.

Glasi, maua, pilau, supu, vyote chini. Anselmo akapiga kelele, "Mzee! Hicho cha hoteli!"

Mama alinyakua hotipoti, akaenda chumbani, kitambaa mabegani.

Jumapili, 24 Novemba

Mama alikuja kunywa chai amejifunga kitambaa. Bwana Revelian alikiomba kwa adabu. Mama akamweleza habari ya senene tangu mwanzo. Kumbe Bwana Revelian kwao ni Muleba, kulekule kwa senene! Alimtazama Baba, akatikisa kichwa. Akasema basi, mama, nenda nacho.

Baba alikunywa chai bila sukari. Sukari ilikuwa meza nyingine.

Jumanne, 26 Novemba

Mama amekwenda.

Jana nilikuwa nimeificha tiketi ndani ya kamusi. Kumbe tiketi yenyewe iko kwenye simu. Nilichoficha ni risiti tu.

Stendi ya Mbezi, alfajiri. Mama amejifunga kitambaa cha meza, nyuma kina doa la supu. Baba akamuuliza yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, atarudi lini. Mama akamjibu yeye mwenyewe, "Nikisikia unajipakulia."

Basi likaondoka. Baba akanigeukia, akaniuliza Mama kasemaje.

Nimelia chooni. Nyumba ina mwangwi.

Alhamisi, 28 Novemba

Jana Baba alikaa mezani akakunja mikono. Nikamwambia chakula kiko jikoni. Akaenda. Akarudi. Akauliza sahani zinakaaga wapi. Nikapakua mimi. Sufuria kubwa nimeiunguza, kwa maharage.

Leo nikaona nisaidie mambo. Nikamwandikia Mama ujumbe mrefu. Kwamba Baba anajipakulia. Kwamba anapika, anaosha vyombo, na jana katuandalia ndizi kama za Mama kabisa. Nikatuma. Nikaanza kufagia, ili akirudi akute pasafi.

Amejibu baada ya saa moja: "Namshukuru Mungu. Kama mnajiweza hivyo, sina haraka. Bibi yako magoti yanamsumbua. Nitakaa hadi Pasaka."

Pasaka!

Nimeusoma mara sita. Nimekaa kwenye kigoda chake jikoni, nimefikiri kwa makini, na kosa langu nimelipata. Niliandika mazuri kupita kiasi.

Kesho nitamwandikia kwamba Baba anaumwa. Si sana. Kiasi cha mtu kurudi kabla ya Krismasi.