Tarishi wa Msiba Aliyetuma Salamu

Jamani, leo nimejiaibisha redioni, tena moja kwa moja. Niacheni niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Koboko.

Mnanijua, mimi ni fundi cherehani hapa Arua, na mnanijua zaidi kwa kipindi cha salamu. Kila jioni napiga simu redioni, nasalimia Koboko, Omugo, Ayivu, mpaka watu nisiowafahamu vizuri. (Ndiyo, ni ugonjwa.) Mama yangu kule Koboko amechoka. Huwaambia watu kwamba mwanawe amesomea salamu.

Sasa leo redio ya utamaduni iliandaa jioni ya mchezo wa kuigiza, mashairi na muziki wa fidla. Madamu Ezaru, anayesimamia kipindi, alinipa kazi mbili. Kwenye mchezo niwe tarishi mwenye sentensi moja tu, ya kumpa mama mmoja habari za kifo cha mwanawe. Baadaye, kwenye mashairi, nisome shairi langu mwenyewe, nililomwandikia mama yangu. Shairi la kwanza maishani! Nikampigia mama, nikamwomba afungue redio na awaite majirani. Habari za shairi nikamficha. Nilitaka alisikie jina langu likitajwa kama la mshairi, angalau mara moja.

Nikaingia studio. Ni chumba kidogo chenye mazulia ukutani, lakini walikuwepo wageni wawili wa fidla, mmoja ana ile kubwa inayosimama sakafuni, mpigaji anaikumbatia kwa magoti. Alipoivuta mara moja tu kuijaribu, nilihisi mtetemo kwenye mbavu. Sikujua mbao zinaweza kuhuzunika hivyo. Nikabaki mdomo wazi.

Taa nyekundu ikawaka. Mchezo ukaenda vizuri kuliko mazoezi yote, na dada aliyeigiza mama alikuwa akitoa machozi ya kweli. Zamu yangu ikafika. Nikasogea kwenye maikrofoni, nikasema kwa sauti nzito, "Mama, mwanao hatarudi."

Fidla kubwa ikaanza chini, taratibu. Hapo nilitakiwa kurudi nyuma kwa kunyata. Lakini ule muziki ulikuwa umenibeba, mwili unanisisimka, na mdomo wangu ukiwa mbele ya maikrofoni unajua kazi moja tu. Nikausikia ukiendelea wenyewe:

"Na salamu nyingi zimfikie mama yangu pale Koboko, majirani wote, mafundi wa sokoni, na wewe mtangazaji usijisahau."

Marehemu hata hajazikwa, mimi nasalimia watu!

Yule dada akajiziba mdomo kwa kitenge, mabega yakitikisika. (Wasikilizaji walidhani ni kwikwi za uchungu. Mungu ni mwema.) Mpiga fidla hakuacha. Upinde uliyumba kidogo, kisha akaendelea, polepole, vizuri mno, mpaka nikasahau aibu yangu kwa muda.

Madamu Ezaru akanishika mkono, akanitoa hadi koridoni. Hakupaza sauti.

"Shairi nasoma mimi," akasema. "Na jina yako hapana taja tena leo. Majina ile umetaja inatosha."

Nikabaki koridoni, spika ikiniletea kila kitu. Akasoma. Yale maneno niliyoyaandika kati ya suruali na gauni za watu, ya mama anayetwanga simsim huku mtoto amelala mgongoni, yalitoka yakiwa makubwa, fidla mbili zikitembea chini yake. Sikuamini kwamba yametoka kwangu. Nililia, nasema wazi. Mlinzi akanipa pole, akauliza nani amefariki.

Kipindi kilipoisha tu, mama akapiga. Nikajiandaa kwa matusi. Wapi! Akaniambia salamu zimefika, majirani wamecheka hadi mmoja amemwaga chai. Kisha sauti yake ikashuka.

"Lakini ile shairi ya simsim, mimi nalia," akasema. "Mama ya ile mutu iko na bahati. Nani naandika?"

Nikajibu, "Ni mimi, mama."

"Wacha uongo," akasema. "Wewe iko mutu ya salamu."

Akakata simu. Basi, yeyote atakayepita Koboko kesho, tafadhali amwambie ni mimi. Na asicheke wakati anamwambia, hataaminiwa.