Tundu Tupu kwenye Kiatu cha Sultani

Jumatatu, 8 Septemba

Siku mbaya. Nimetoka hapa Lindi, Kibera, mapema nikaenda Kawangware kukata kwato za punda wa Jeconia, muuza maji. Punda anaitwa Waziri kwa sababu hatembei bila kubembelezwa. Nikiwa nimeinama, mguu wa Waziri katikati ya magoti yangu, Jeconia akaniletea simu usoni. Christine, yule fundi wa mtaa wa Kongo, hapo hapo Kawangware, ameweka kwato kwenye stetasi. Kwato! Kabla na baada, kama wale wa dawa ya kupunguza tumbo. Na aproni mpya ya ngozi, mifuko pande zote. Yangu ni gunia la mchele nililopasua mwenyewe.

Jeconia akasema huyo dada ni noma. Nikamwambia amshike punda, stetasi haipigi mateke.

Kurudi, nikapitia kwa Mzee Fadlalla, Makina, kumwona Sultani. Sultani ni farasi wa Mzee, anabeba watoto Jumapili na maharusi wakitokea. Lakini miguu yake ni yangu, tangu marehemu mume wangu Simeon aniachie nyundo na tupa. Punda wa maji havai viatu. Bila Sultani mimi si fundi wa viatu vya farasi. Ni mama wa kukata punda kucha.

Mzee akanipa kahawa, akauliza habari za mwanangu Billy, halafu akaanza kuongea na kikombe. Kwamba Jumamosi binti yake Leila anaolewa. Kwamba bwana harusi, Umar, atakuja juu ya Sultani. Kwamba amesikia kuna dada wa Kongo anayevalisha kiatu kikiwa moto, ati kinakaa vizuri zaidi. Atamjaribu. Mara moja tu.

Mara moja tu. Hivyo ndivyo bibi wa pili huingia nyumbani.

Billy hajapiga simu kutoka Naivasha. Labda simu imeibwa. Labda ameibwa yeye.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeamka na mpango. Nimemwambia Mzee, kwa upole, kwamba kiatu cha moto kinachoma farasi. Kwamba kuna mmoja huko juu, karibu na uwanja wa mbio, alilia mpaka sauti ikakauka. Mzee akashtuka sana. Akasema basi kesho atasimama hapo hapo, na Sultani akilalamika kidogo tu, Christine anaenda nyumbani.

Vizuri. Sasa Sultani lazima alalamike. Nimenunua sukari nguru. Nimekaa naye mchana kutwa: akininyooshea mguu, namlambisha kipande. Anizoee mimi tu. Mkono mwingine ukimshika, aukatae.

Nimerudi na mgongo umekauka kama mti, lakini na furaha.

Jumatano, 10 Septemba

Christine amekuja na jiko la gesi. Kiatu kikawa chekundu, akakibandika kwenye kwato, moshi ukapanda unanuka kama saluni nywele zikiungua. Nikamgusa Mzee kiwiko. Si nilisema?

Sultani alikuwa amefunga macho, mdomo wa chini unaning'inia. Amelala.

Christine akamweleza Mzee kwamba upande wa nje wa kwato hauna uchungu, ni kama ukucha. Hata mimi najua. Nilitumaini Mzee hajui.

Na ile sukari nguru? Huyo mnyama aliinua mguu kabla hajaombwa. Huu hapa, huu tena, na huu, kama mtoto anayevalishwa soksi. Christine akasema hajawahi kuona farasi mwenye adabu hivi, nani amemfunza. Mzee akanionyesha kwa fahari. Christine akanipa mikono yote miwili, ati asante mathe, umenirahisishia kazi.

Nikampa uji niliojibebea mwenyewe. Msichana amekonda. Mtu hawezi kushika mguu wa farasi na tumbo tupu. Bado simpendi.

Kabla hajaondoka nikaangalia viatu. Kila kiatu kina matundu ya misumari, na yale ya nyuma, karibu na kisigino, ameyaacha tupu. Nikamuuliza kama misumari imemwishia. Akacheka. Akasema huko nyuma ukuta wa kwato ni mwembamba na nyama iko karibu, kwato inahitaji nafasi ya kupumua.

Simeon pia alikuwa anayaacha. Lakini Simeon alikuwa mume wangu. Huyu ni mvivu.

Ijumaa, 12 Septemba

Jana sikuandika, nilikuwa nafikiria matundu.

Nimefikiria hivi. Kesho watu wote watamwangalia Sultani. Akitembea na msumari wangu hata mmoja, hakuna atakayesema farasi si wangu. Nikangoja Mzee aende msikitini, nikapita kumsalimia Sultani. Nyundo ilikuwa kwenye aproni tu, inakaa huko.

Mguu wa mbele, wa kushoto. Nikachukua msumari kwenye mkebe wa Simeon, ile ya zamani yenye kichwa kikubwa. Msumari ukiingia kwenye ukuta mgumu unalia ting, ting. Huu ulianza vizuri. Halafu ukasema tup. Nikajiambia ni redio ya jirani. Nikapiga mara ya mwisho, nikakunja ncha, nikalainisha kwa tupa. Safi.

Sultani alivuta mguu akaniangalia. Nikampa sukari nguru. Akageuza uso. Ameshiba, nadhani.

Jumamosi, 13 Septemba

Sultani amesimama kwa miguu mitatu.

Mzee ndiye aliyepiga simu. Nilipofika, jikoni pilau, uani vigelegele, na Leila mlangoni na hina mpaka viwiko, analia. Anasema Umar akija kwa miguu, kama mtu anayekuja kuomba chumba, watamcheka mpaka azeeke. Mzee akaniomba nimwangalie farasi. Nikaangalia. Nikakagua kwa makini sana ile miguu mitatu mingine.

Christine akafika kwa boda. Akachukua koleo, akabana kwato kidogo kidogo kuizunguka. Sultani kimya. Alipofika kule nyuma, Sultani akaruka. Akang'oa msumari. Ulikuwa umelowa. Akauweka kiganjani. Akaangalia kile kichwa kikubwa, akaniangalia mimi, akaangalia gunia langu.

Nikageuka kumpangusa Sultani vumbi.

Akamgeukia Mzee akasema msumari umeingia karibu na nyama, hutokea. Ataosha tundu kwa dawa, farasi atapona, lakini leo habebi mtu. Mzee akamgombeza mbele ya wageni wote. Ndiye fundi wa moto huyu? Ndiye wa kuwekwa kwenye simu? Christine akaendelea kuosha mguu, shingo yake nyembamba imeinama.

Nikafungua mdomo niseme. Nilitaka kusema kabisa. Kilichotoka ni kwamba Jeconia ana punda.

Waziri akaletwa, mitungi ikashushwa. Kwato nilizozikata Jumatatu nikazipaka mafuta ya kupikia, zikang'aa kama viatu vya kanisani. Mgongoni leso ya Leila. Umar ni mrefu, miguu yake ilikuwa inafagia barabara. Waziri alikataa kwenda mpaka akabembelezwa na ukoo mzima, upande wa bwana na upande wa bibi. Makina yote ikacheka, lakini kile kicheko kizuri, cha kufuata msafara. Leila alicheka mpaka wanja ukamwagika. Mzee akanishika mabega, akasema Mama Billy, Sultani ni wako, yule asirudi.

Nimeshinda. Pilau sikuimaliza.

Jumapili, 14 Septemba

Kutoka kanisani nimemkuta Christine mlangoni kwangu. Akanipa kitu kilichofungwa kwenye karatasi. Akasema mathe, ulisahau msumari wako.

Basi. Akauliza kama kuna uji.

Nikampa uji, na mandazi, na viazi. Kumbe hana mtu hapa Nairobi, mama yake yuko Bungoma. Wakati wa kuondoka akasema farasi wa Mzee ndiye farasi pekee aliyewahi kumvalisha peke yake, bila mwalimu kusimama nyuma. Nikamwambia kesho nitaongea na Mzee.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeongea na Mzee. Nimemwambia karibu yote. Kwamba kosa si la Christine. Kwamba msumari ukizeeka unakuwa na akili zake. Mzee akasema ameelewa kuliko nilivyosema. Kuanzia sasa tugawane Sultani: Christine miguu ya mbele, mimi ya nyuma.

Ya mbele! Ndiyo watu wanaona. Nani husimama nyuma ya farasi?

Billy amepiga simu, alikuwa tu hana chaji. Nikamweleza kila kitu. Akasema mama, achana na matundu ya watu. Mtoto mzuri, lakini kazi hii haijui.

Nimemwona Sultani. Anakanyaga vizuri. Mguu wa mbele, ule wa kulia, bado una tundu tupu kule nyuma. Linaniangalia.

Ijumaa Mzee ataenda msikitini. Nitapita, kumsalimia tu. Nyundo nitaibeba, gunia bila nyundo halikai vizuri kiunoni.