Puli ya Hajati Jamilah

Mjini Arua kuna watu wanaofanya kazi, halafu kuna Wahabu. Wahabu alikuwa na ovaroli moja ya buluu ambayo haijawahi kuonja grisi, na mdomo ambao haujawahi kuonja ukweli. Kwa mali hiyo alikwisha kuwa daktari wa friji, mpimaji wa viwanja na, kwa wiki mbili hivi, mtafuta maji huko Ombaci, mpaka wenye shamba walipotambua kwamba chombo chake cha kutafutia maji kilikuwa antena ya redio. Siku hiyo aliokolewa na pikipiki yake nyekundu. Aliipenda kuliko ndugu zake wote, na alikuwa na haki: bila pikipiki, tapeli ni mtu wa kawaida anayekimbizwa kwa miguu.

Alhamisi moja alikuwa kwenye kibanda cha chai pale Ediofe, akitafuta wa kumlipia, mara akaingia Tahiru. Tahiru naye ni wa chama kilekile. Alikuja kwa miguu, akakaa, akaagiza chai mbili na chapati nne, akalipa zote.

Mtu mwenye akili angejiuliza: pikipiki ya Tahiru iko wapi? Na tangu lini Tahiru anamnunulia mtu chapati? Wahabu hakujiuliza. Alikuwa anatafuna.

"Ndugu yangu," Tahiru akanong'ona, "Koboko iko mama moja, Hajati Jamilah. Iko na loji. Iko na ile mashine ya kukata nyasi ya kukalia juu, kama trekta. Chini yake iko deki, ile sahani kubwa ya chuma inabeba visu. Sasa puli ya deki, ile gurudumu ya mkanda, imekwama kwa shafti yake. Mafundi wanapiga, wanachoka, wanakimbia."

"Na mama mwenyewe?"

"Mzee. Akiona ovaroli, anaamini."

Asubuhi iliyofuata Wahabu alikuwa Koboko. Uwanja wa loji ulikuwa umenyolewa vizuri, nyasi fupi kama kichwa cha kuruta. Akaukanyaga huku akiusifu. Hakuwaza ni nani anayekata nyasi ikiwa mashine imekufa. Akili ya tapeli ni kama tochi, inamulika mfuko wa mwenzake tu.

Hajati Jamilah alitoka na shuka yake ya Kinubi, mwembamba, miwani minene, sauti ndogo.

"Karibu, mwanangu. Wewe ndiyo fundi?"

"Mimi ndiyo mwisho wa mafundi, Hajati. Baada ya mimi iko kaburi tu."

Akalala chali chini ya mashine, akatoa kichupa cha mafuta ya kupikia yaliyotiwa rangi ya buluu ya kufulia. "Hii ni dawa ya ndege. Tone moja tu. Ukiweka mbili, mashine itaruka." Akadondosha, akaweka sikio kwenye puli, akafumba macho kama anayesikiliza mapigo ya moyo.

Fundi wa kweli angeanza kwa kukwangua majani makavu na matope kwenye shingo ya puli, aone kama kuna skrubu imejificha au kuna jambo jingine. Wahabu hakukwangua. Ovaroli ilikuwa safi, na alitaka ibaki hivyo.

"Hajati," akasema kwa huzuni, "kutu imeoa hii puli. Na ndoa yao iko ya kanisa, hakuna talaka."

"Sisi kwetu talaka iko," akajibu Hajati. "Piga nyundo."

Akapiga mara tatu, taratibu, kama anayebisha hodi kwa mkwe. Kisha akatikisa kichwa. Deki nzima lazima ifunguliwe iende Arua, kuna presi huko inasukuma chuma kama siagi. Alichokuwa nacho moyoni ni Kasereka, mfanyabiashara kutoka Kongo anayekaa Arua, mnunuzi wa vyuma na vipuri vya mashine. Deki ile ingefika kwake kabla ya adhuhuri, na Koboko isingemwona Wahabu tena.

"Chukua," akasema Hajati.

Wahabu karibu acheke.

"Lakini nyumba hii iko na desturi, mwanangu. Kitu yangu ikitoka, kitu yako inabaki. Acha pikipiki."

Wahabu akampa ufunguo kwa uso wa msiba. Ufunguo wa pili ulikuwa kwenye soksi. Ijumaa ijayo, watu wakiwa msikitini, angerudi kuchukua kilicho chake. Akaipandisha deki juu ya lori la mihogo lililotoka Dranya kwenda Arua, naye akapanda juu ya deki, amekaa kama sultani.

Kasereka alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaishika deki kwa mikono miwili, akaipindua. Upande wa chini, kwa herufi za kuchomelea, nene kama vidole, palikuwa pameandikwa: MALI YA HAJATI JAMILAH, KOBOKO. RUDISHA.

"Kaka," Kasereka akasema, "hii deki ni mara ya nne inakuja kwangu. Inajua njia kuliko wewe." Akakwangua matope kwenye puli kwa bisibisi. Chini ya matope paling'aa mshono wa kulehemu, umezunguka shafti yote. "Unaona? Hii haikukwama. Mutu alichomelea. Hata jini hawezi kutoa."

"Ni nani mjinga anachomelea puli yake mwenyewe?"

"Mjinga?" Kasereka akarudisha bisibisi mfukoni. "Kesho gari yangu inaenda Koboko, nitarudisha. Nimezoea."

Ijumaa, saa ya swala, Wahabu aliruka ua wa loji. Pikipiki ilikuwa chini ya paa, imefunikwa turubai kiheshima, taa na usukani tu ndivyo vimechungulia. Akapanda juu ya turubai lilelile, akachomeka ufunguo wa soksi. Injini ikanguruma. Akatia gia, akainama ili kuukata upepo, akafungulia moto wote.

Ua haukusogea. Mti wa mpapai haukusogea. Kuku mmoja alipita mbele yake, bila haraka, akaenda zake.

"Petroli itaisha, fundi," ikasema sauti ndogo.

Hajati alikuwa amekaa kwenye mkeka nyuma yake, anamenya karanga. Wahabu akafunua turubai. Pikipiki ilikuwa imesimama juu ya matofali, na nyuma hapakuwa na gurudumu.

"Iko chini ya kitanda changu," akasema Hajati. "Puli yangu imetoka?"

"Hajati, ile puli wewe mwenyewe ulichomelea! Nitaenda polisi!"

"Nenda, mwanangu. Uwaambie deki yangu ulipeleka kwa presi gani."

Karanga moja ikapasuka. Kisha Hajati akanyoosha mkono nyuma ya mkeka, akamkabidhi slasha, ule upanga mrefu wa kufyekea nyasi. Mpini wake uling'aa kwa jasho la viganja vya watu wengi.

"Mashine yangu imekufa miaka mitatu," akasema, "lakini nyasi yangu haijapita kifundo cha mguu. Anza pale kwa geti. Tahiru alikuwa anaacha pembe."

"Tahiru?" Wahabu akapokea slasha. "Mpaka lini, Hajati?"

"Mpaka uniletee fundi mwingine. Tahiru alikata wiki tatu. Alhamisi nakupa ruhusa uende Arua."

Alhamisi ya pili, kibanda cha chai cha Ediofe kilimpokea mtu mwenye malengelenge viganjani na ovaroli ya kijani mpaka magotini. Barabarani Tahiru alipita juu ya pikipiki yake, akapiga honi mara mbili kwa adabu. Wahabu hakugeuka. Alikuwa anamtazama Dumo wa chama kilekile, muuza simu za udongo, akiegesha pikipiki mpya kabisa.

"Dumo, ndugu yangu! Kaa. Chai mbili, chapati nne, mimi nalipa. Koboko iko mama moja..."

Dumo akasikiliza hadithi yote. Akatazama viganja vya Wahabu. Akatazama nje, pale penye pikipiki moja tu, yake.

"Na wewe, pikipiki yako iko wapi?"

Wahabu akamsogezea sahani.

"Kula kwanza," akasema.

Dumo akala.