Mpapai wa Sebuleni

Jumatatu, 6 Juni

Baridi. Mawingu yameshuka mpaka nusu ya mlima Kwaraa, nami nimelala kwenye kochi nikiyatazama. Sebule yetu haina paa. Chumba cha kulala kimeezekwa, sebule bado, na tangu tuhamie hapa Maisaka mpapai umeota katikati ya sakafu, kati ya kochi na meza. Mke wangu Otilia huchuma mapapai bila kutoka ndani, huyauza sokoni.

Leo amerudi na habari. Watu wa televisheni wanatafuta nyumba ya pekee katika kila mkoa, na Manyara yetu imo. Mshindi anapewa mabati na saruji. Amekutana nao sokoni, watakuja kwetu Ijumaa. Alitaka kunieleza jambo kuhusu mpapai, nikamwambia asubiri, nawaza. Nilikwishajiona kwenye kioo cha televisheni, suti ya kijivu, mtangazaji ananiuliza siri ya mafanikio. Otilia akasema yeye anawaza vuli. Mvua zikimkuta tena anakula ugali chini ya mwavuli, atamchukua mtoto wetu Kindness waende Singe kwa dada yake. Hatanii.

Jumatano, 8 Juni

Nimepita Nangara kumpeleleza Jovin, fundi cherehani. Eti naye anashindana! Amesimamisha simba wawili wa saruji langoni. Wana sura za mbwa waliokatazwa kuingia ndani. Lakini nyumba yake imeezekwa yote. Akaniuliza kwa upole, Baba Kindness, majaji utawapokea sebuleni au shambani?

Nilirudi nimevimba. Njiani nikaliona ziwa kwa mbali, limetulia, na wazo likanijia taratibu kama usingizi.

Alhamisi, 9 Juni

Otilia amekwenda Singe na Kindness kumsaidia dada yake kuvuna mahindi, watarudi kesho. Nafasi ndiyo hii. Nimeukata mpapai. Umeanguka kimya, roho ikaniuma kidogo. Kisha nikaenda kwa mzee Aniceti, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, kuazima turubai. Nilimwambia kuna jambo nyumbani. Alinishika mkono muda mrefu, akanipa na mabenchi bila kuuliza neno. Mtu mwema sana.

Turubai sasa liko juu ya sebule. Mwanga ndani umekuwa wa buluu. Nimekaa chini yake mchana kutwa, naota suti.

Ijumaa, 10 Juni

Nimeamshwa na nyimbo. Akina mama wa jumuiya wamejaa sebuleni na kuni na unga, wanaomboleza. Lo! Turubai la jumuiya halitandazwi nyumbani kwa mtu ila kuna msiba. Nilijua, nikasahau. Kila mmoja akanipa pole, nami kwa adabu nikaitikia nimeshapoa. Kwa kuwa mimi nilikuwa hai na Otilia haonekani, wakahitimisha wenyewe. Wanaume walikuwa wakijadili kaburi marehemu alipoingia na gunia la mahindi kichwani.

Mabenchi yalianguka. Otilia naye, alipoona turubai, alidhani nimekufa mimi. Alinikumbatia kwa nguvu ambazo sijaziona tangu harusi. Kisha akakiona kisiki, akaniachia.

Ndipo majaji wakafika. Wakavua kofia, wakashusha kamera. Madam Evelyne, mkuu wao, akauliza kwa sauti ya chini uko wapi ule mpapai wa sebuleni. Mama Kindness aliwaambia, nao wamekuja kwa ajili ya huo tu. Nchi nzima hawajaona familia inayokula chakula chini ya mti wake ndani ya nyumba. Nikamwonyesha kisiki. Akanipa pole ya kweli, wakaenda Nangara.

Simba wa Jovin wameshinda.

Jumapili, 12 Juni

Otilia ameondoka na Kindness. Hakugomba, na hilo limeniumiza zaidi. Alisema hatarudi mpaka asikie nimelishughulikia paa.

Nyumba kimya. Nimekaa karibu na kisiki, nikamkumbuka akichuma papai la asubuhi, akinikatia upande mtamu. Nikalia. Halafu, machozi yakiwa bado hayajakauka, wazo. Shindano linarudi mwakani. Ikiwa mpapai mmoja sebuleni uliwatoa majaji mbali vile, je, mitatu chumbani?

Nimepanda mbegu kuzunguka kitanda. Zinahitaji jua na mvua, kwa hiyo nimebandua mabati yote. Sasa nimelala chali, mawingu ya Kwaraa yanapita juu ya mto wangu, mazuri ajabu.

Kesho nitatuma mtu Singe akamwambie Otilia kwamba paa nimelishughulikia.