Kinanda Ndani ya Sponji

Jumatano, 9 Aprili

Kesho safari. Mimi ndiye msimamizi wa mizigo. Cheo nimejipa mwenyewe, lakini hakuna aliyepinga, kwa hiyo ni changu.

Niandike mambo yalivyo. Dada yangu, muuguzi siku za kazi na mwimbaji siku za mapumziko, amesubiri miaka kumi na moja bendi yake iitwe kwenye tamasha kubwa. Imeitwa! Jumamosi, saa tisa alasiri, jukwaa la pili. Yeye kwenye kinanda, binamu yetu kwenye gitaa la besi, na jirani yake, fundi bomba, kwenye ngoma. Mimi simo. Sijakuwamo tangu ile harusi, nilipoendelea kupiga manyanga wakati baba wa bibi harusi anatoa hotuba. Watu wana kinyongo cha ajabu.

Leo nimemfuata Dada jikoni kwake nikambana. Huku akimenya viazi, bila kunitazama, amesema kinanda kikifika jukwaani kikavu na kwa wakati, nitapiga manyanga wimbo wa mwisho. Wimbo mmoja. Nikamwambia aape. Akasema nimwache amenye viazi. Nimekichukulia hicho kuwa kiapo.

Kinanda chenyewe, kidogo cha umeme, kilikuwa cha marehemu mama. Alijifunza akiwa na miaka hamsini, kwa kidole kimoja, sisi tukiziba masikio. Kwa hiyo si mzigo wa kurushwa rushwa. Bahati nzuri mimi ni fundi makochi. Hakuna mtu anayejua kukinga kitu kisigongwe kama fundi makochi. Nimekivika sponji ya inchi nne pande zote, nikashonea juu yake kitambaa cha sofa kilichobaki, cha maua. Manyanga yangu, vibuyu viwili vya mbegu, nimeyashonea humo humo yasije yakasahaulika.

Binamu alipita karakana na mfuko mkubwa wa nailoni, ule unaokuja na godoro jipya. Akataka kinanda kivishwe huo kwanza. Binamu hutia kila kitu kwenye nailoni. Soksi zake, kila jozi na mfuko wake! Nikamweleza kwamba sponji inapumua, nailoni haipumui. Akauliza kwani kinanda kinapumua. Mfuko nimeuchukua, hata hivyo. Hautakosa kazi.

Alhamisi, 10 Aprili

Tumefika. Mawingu mazito, hakuna mvua. Mlinzi wa geti amewafunga wenzangu utepe wa njano mkononi, mimi wa kijivu. Nikauliza wa njano ni wa nani. Wa wanamuziki. Na wa kijivu? Wa wapagazi. Nikamwambia mimi ni mwanamuziki kwa wimbo mmoja. Akasema basi nirudi kwake wakati wa huo wimbo.

Kutoka kwenye gari hadi uwanja wa mahema ni mwendo wa nusu saa. Nimebeba kinanda kichwani. Hakina uzito, hiyo ndiyo raha ya sponji.

Sasa jambo la akili. Watu wote wamejibana juu kwenye mwinuko, hema kwa hema, kamba zinapitana. Chini yao kuna bonde dogo la majani mabichi, hatua mia mbili na kumi tu kutoka jukwaani. Nimezihesabu. Na halina mtu! Nimecheka peke yangu. Vigingi vinaingia ardhini kwa kusukuma na kidole gumba. Mwenye shamba linalokodiwa na tamasha alipita na trekta lake, akasimama, akanitazama, akaniuliza kama najua kuogelea. Wakulima wana utani wao.

Binamu amekwenda kujibana na wenzake juu. Fundi bomba alikanyaga mara moja pale bondeni, akainamisha kichwa kama anayesikiliza, akabeba hema lake na kuondoka bila neno. Sikuzingatia. Yule hata salamu huitoa kwa shida.

Dada alitaka kinanda kibaki garini. Nikamwambia garini ni nusu saa, hemani kwangu ni hatua mia mbili na kumi. Hesabu ni hesabu. Akakubali shingo upande.

Nimekilaza karibu na mlango wa hema. Godoro langu nimelitia kwenye mfuko wa Binamu. Godoro la fundi makochi likichafuka ni aibu kwa kazi yenyewe.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua ilianza kabla ya alfajiri na haina dalili ya kukata. Nimeamka nikaona viatu vyangu vinatoka nje vyenyewe.

Bonde lote ni maji. Yanashuka kutoka kwenye mwinuko na yote yanakuja kwangu. Mwenye shamba amepita tena. Amesema hapa ndipo ng'ombe wake hunywa. Angesema jana!

Godoro langu ni kavu kabisa. Nailoni ni kitu kizuri, sikatai.

Dada amekuja hadi ukingoni, chini ya mwavuli, akapaza sauti kuuliza kinanda kipo salama? Nikajibu hakijagongwa hata kidogo. Ni kweli tupu. Kwa nje kinapendeza, kitambaa kimekaza vizuri. Alipoondoka nikataka kukiinua. Hakikuinuka. Nikadhani ni uchovu wa jana. Nikakibonyeza kwa goti. Maji yakatoka. Nikabonyeza tena. Yakatoka mengi zaidi, na nilipoondoa goti, yakarudi ndani.

Kila mwezi mteja huniletea kochi lililokojolewa na mtoto, na kila mwezi namweleza mambo yale yale: mama, sponji ikishakunywa haitapiki. Nimeyasema miaka kumi na minane. Ninayasema hata nikiwa usingizini, mke wangu ni shahidi.

Nimekaa juu ya godoro langu kavu. Naandika hili kwa kuwa hakuna wa kulisoma: nimeogopa. Nimeogopa kama siku nilipovunja kikombe cha mama nikakificha uvunguni, nikiwa na miaka saba. Ningekifungua sasa hivi, pengine kingepona. Lakini nikikifungua nitaona, na nikiona itabidi niseme.

Sikifungui. Kesho kutakuwa na jua. Sponji itakauka yenyewe.

Jumamosi, 12 Aprili

Hakukuwa na jua.

Saa saba mchana tumeanza kukihamisha. Mimi na Binamu tumekishika huku na huku, tukasema moja mbili tatu, tukainuka sisi, chenyewe kikabaki. Binamu akaniuliza nimetia nini humo ndani. Nikasema sponji tu. Akanitazama. Kisha akatazama godoro langu, ndani ya mfuko wake wa nailoni, likiwa limekauka kuliko kitu chochote katika tamasha zima. Angetukana ningejisikia nafuu.

Hatua mia mbili na kumi! Matope yalifika kwenye vigimbi vya miguu. Toroli tuliyoazima ilizama hadi magurudumu yakapotea. Umati ulikuwa umeziba njia, hapiti hata kuku. Saa nane na robo. Hapo nikapata wazo, na bado naliona ni wazo zuri. Hema la huduma ya kwanza lilikuwa karibu, na nje yake kulikuwa na machela. Tukakipakia kinanda, nikakifunika shuka. Fundi bomba akaitwa, na mpita njia mmoja mwenye mabega. Watu wanne, kila mtu na pembe yake. Nikatangulia kwa sauti nikiomba njia.

Watu walipisha! Walivua kofia. Mwanamke mmoja alinishika mkono akasema pole, Mungu atamsaidia. Nikamshukuru kwa unyonge uliofaa. Tungefika bila tatizo, ila tabibu wa zamu aliona machela yake inatembea. Alitukimbilia na mkoba, akatuamuru tumshushe mgonjwa, akafunua shuka. Akaona maua. Akachukua mkasi wake wa bendeji na kuukata mshono wangu kabla sijapata la kusema. Maji yalimwagika juu ya viatu vyake. Akainamisha kinanda upande mmoja, yakamwagika mengine kutoka kati ya vibonyezo. Akasema huyu amekwisha.

Dada alikuwa amesimama pale pale, nyuma ya jukwaa, amevaa gauni lake la buluu.

Hakupiga kelele. Aliweka kiganja juu ya vibonyezo, pale katikati ambapo mama alikuwa anatafuta noti zake kwa kidole kimoja, akafumba macho. Nilisema nisamehe, Dada. Nilisema kwa moyo wote, na sikuongeza kitu, jambo ambalo si kawaida yangu. Akasema ninyamaze kwanza, mdogo wake, anafikiri. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi na tano. Bendi iliyotutangulia ilikuwa na magitaa matupu, hakuna wa kutuazima. Msimamizi wa jukwaa akaonyesha saa yake na kusema asiyekuwa tayari zamu yake inarukwa.

Dada akafumbua macho. Akasema wataimba na besi na ngoma tu. Kisha akaona manyanga yangu yamechomoza kwenye sponji. Akashusha pumzi. Akasema na wewe panda, jukwaa lisionekane tupu.

Nyimbo zote! Si mmoja. Zote sita!

Nilipiga kwa nguvu zangu zote. Mikono juu, mikono chini, nikageuka, nikapiga mgongoni. Sikujisikia kwa sababu ya zile spika, lakini nilijua ninapiga vizuri. Dada aliimba peke yake, bila kinanda cha kujificha nyuma yake, na wimbo wa tatu watu walinyamaza kabisa, maelfu ya watu ndani ya matope. Nilimwona fundi bomba anajifuta macho kwa mkono wa shati. Mimi pia nililia, lakini mvua ilisaidia. Mwisho walimwita arudi mara mbili.

Akishuka alinikumbatia na matope yangu. Akasema leo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, sikuharibu hata sehemu moja.

Jumapili, 13 Aprili

Tumeondoka. Trekta limevuta gari, likaondoka na bampa tu, ikabidi lirudie gari. Hema langu nimeliacha kwa ng'ombe.

Binamu alikuwa na kijisiri njiani. Kila akinitazama kwenye kioo anacheka. Mwishowe akaniomba nitikise manyanga. Nikatikisa. Kimya. Nikatikisa tena. Akasema mbegu zimekunywa maji tangu juzi, zimefura, zimeshikana, jana nilikuwa natikisa vibuyu viwili visivyo na kauli.

Wivu. Jana alikuwa karibu na spika, hawezi kusikia vitu vya ndani ndani.

Jumatano, 16 Aprili

Habari njema. Fundi redio amekikausha kinanda cha mama kwa siku tatu. Kimelia, isipokuwa vibonyezo vinne vya mwisho upande wa kushoto. Dada amesema mama hakuwahi kufika huko. Amekivisha nailoni yeye mwenyewe na kukikabidhi kwa Binamu moja kwa moja.

Habari njema zaidi. Tamasha limewaita tena mwakani, na mimi nimo! Kwenye orodha, kwa maandishi, mstari wa mwisho. Dada amekuja karakana kunieleza. Akashika mabega yangu, akanitazama machoni, akasema nisibebe chochote na nipige kama nilivyopiga Jumamosi, vile vile kabisa. Manyanga yawe yale yale. Nisiyatengeneze, nisiyaguse. Amerudia mara tatu.

Nimeguswa. Mtu akikuamini hivyo, huwezi kumletea kazi ya nusu nusu.

Nimeyafungua mchana huu. Mbegu zimeanza kuota, nimezimwaga nje. Nimetoa gololi kwenye kiti kibovu cha ofisi, chuma tupu, nikajaza vibuyu vyote viwili hadi shingoni na kuziba kwa gundi. Nimejaribu mara moja tu. Kinyozi wa mtaa wa pili ametoka nje kutazama ni nini kimeanguka.

Dada simwambii. Nataka asikie akiwa jukwaani.